SOMO KATIKA SHAMBA LA MIZABIBU: KUIJUA ZABIBU ILIYOIVA

Mkulima aendaye kulitazama shamba la mwenziwe na atazame kwa makini, tena aulize. Leo twaingia katika shamba dogo karibu na Dodoma, lilimwalo na mume, mke na watoto wao. Zabibu zao ni za kuliwa mezani, si za kukamuliwa divai.

Nchi ya Dodoma ni kavu. Mvua yake ni milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha hasa tangu Desemba hata Aprili. Ukavu huo hupunguza ukungu. Tena, kwa kuwa hapana baridi kali ya kuilaza mizabibu, mkulima aweza kupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Tazameni mambo haya manne:

1. Kupogoa. Kishada hutoka katika chipukizi jipya lililomea juu ya tawi la msimu uliopita. Asiyepogoa hupata majani mengi na matunda haba.

2. Hewa. Mama wa nyumba hii huondoa majani machache yanayosonga vishada, ili hewa ipite. Hayaondoi yote, maana jua kali huunguza matunda.

3. Kungoja. Hapa ndipo penye faida au hasara. Mchuuzi huja mapema, fedha mkononi, akisema, "Kateni zote leo, zitaivia njiani." Neno hilo si kweli. Ndizi huiva baada ya kukatwa. Zabibu haiivi tena. Ikikatwa ingali chachu, hubaki chachu, na aliyeionja harudi kununua. Wala usiamini rangi peke yake: onja tunda la ncha ya chini ya kishada, maana huko huchelewa kuiva. Likiwa tamu, kishada chote ki tayari. Baba huyu alihitaji fedha ya mavazi ya shule ya watoto. Akakata vishada vilivyoiva tu, akaviuza, vingine akaviacha juu ya mti.

4. Kukata. Kata asubuhi, umande ukiisha kukauka, kwa mkasi. Shika kikonyo, wala usiufute unga mweupe ulio juu ya tunda. Ni nta izuiayo maji yasipotee. Panga kivulini safu moja, bila kuosha.

Basi, msimu ujao, onja kwanza, ndipo upatane bei.