KILA MCHEZAJI WA VOLEBOLI NA ZOEZI LAKE



Kazini unajua vizuri: mchomeleaji anavaa miwani yake, mtoboa mawe anaziba masikio, fundi wa umeme ana glavu zake. Hatari si moja, kwa hiyo kinga si moja. Lakini jioni, kwenye uwanja wa voleboli, ekipe nzima inapewa zoezi moja: kuzunguka uwanja mpaka jasho litoke. Je, hiyo inatosha?

Angalia. Upande wa ekipe moja ni mita 9 kwa 9, na ndani wamo watu 6. Hakuna anayekimbia mbali. Wanaruka, wanainama, wanageuka. Na kila mmoja ana kazi yake.

Mpigaji anaruka kupita wavu wa mita 2.43 (wanawake 2.24) na kupiga kwa nguvu. Bega na goti ndivyo vinavyochoka. Funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mti. Bana kiwiko ubavuni, vuta polepole kuelekea nje, mara 15. Halafu chuchumaa polepole na kuinuka, mara 10.

Mzuiaji wa katikati anakwenda upande huu na huu, akiruka karibu na wavu. Hapo ndipo vifundo vingi vya miguu huteguka, mtu akitua juu ya mguu wa mwingine. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha mguu wa pili. Ukizoea, fumba macho.

Mpangaji anatumikisha vidole na miguu myepesi. Apige mpira ukutani kwa vidole, juu ya paji la uso, na azoee kufika chini ya mpira kwa hatua fupi, asipinde mgongo.

Libero, aliyeingizwa katika sheria mwaka 1998, haruhusiwi kuzuia wavuni. Kazi yake iko chini. Akae kama mtu aliye kwenye kiti, bila kiti, atembee hivyo kwa upande. Asisahau kinga za magoti.

Somo moja ni la wote: jifunze kutua. Tua kwa miguu miwili, magoti yakunjwe, yasielekee ndani, na kishindo kisisikike. Kuruka juu kunapigiwa makofi, lakini kutua vibaya kunaleta magongo.

Umetoka posti ya usiku? Lala kwanza, mwili uliochoka hautui vizuri. Goti likiuma siku nyingi, punguza kuruka na umwone mganga. Kifundo kikivimba, toka uwanjani siku hiyo. Usipoweza kupiga hatua 4, nenda hospitali mara moja: huenda mfupa umevunjika.

Nawe mama, ukimwona baba au kijana wako anachechemea akisema «si kitu», usimwache. Mwulize: kesho utashuka ngazi ya mgodi kwa mguu gani?

Maana goti la uwanjani ndilo goti la kazini. Hakuna ghala linalotoa lingine. Kapiteni, wiki hii wagawe wachezaji wako kwa kazi zao, uwape dakika 15 za mazoezi hayo kabla ya kugusa mpira.