Ufahamu na Ufupisho: Ulezi Mpakani

Mtahiniwa, soma kifungu hiki mara mbili kabla ya kuandika chochote. Mara ya kwanza soma upesi ili ujue kinahusu nini. Mara ya pili soma taratibu, ukipigia mstari tarehe, takwimu na maneno madogo kama "tu", "ila" na "isipokuwa". Maneno hayo madogo ndiyo yanayowaponza wengi.

Kifungu

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, kama Gwarama, ulezi hupewa kona ya shamba baada ya mahindi, maharage na mihogo kupata nafasi zake. Ni nafaka ya wachache, lakini wanaoutaka huutafuta kweli. Wasaga unga wa uji wa Kenya hununua ulezi wa Tanzania na Uganda kwa sababu unaolimwa kwao hauwatoshi.

Mkenya anayeagiza ulezi huo hawezi kupakia lori na kuondoka. Kwanza huomba kibali kwa KEPHIS, shirika linalosimamia afya ya mimea nchini mwake. Kisha shehena iandamane na cheti cha afya ya mimea, kinachotolewa na TPHPA baada ya ukaguzi upande wa Tanzania, pamoja na cheti cha uasili kinachothibitisha kuwa mzigo umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, mfanyabiashara mdogo hupewa cheti cha uasili kilichorahisishwa. Cheti hicho humwondolea ushuru wa forodha tu.

Ukali wa masharti una historia. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 ilibisha hodi kwetu, Dodoma na Manyara: katika wagonjwa 68, watu 20 walifariki. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema yana sumukuvu kupita kiasi. Tarehe 10 mwezi huohuo iliyaruhusu tena kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, aeleze maghala yake yalipo, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Mkaguzi huchoma bambo kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, kwa kuwa sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia moja laweza kuwa safi na la jirani likawa na sumu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kuvu wanaoitengeneza hupenda nafaka iliyoingizwa ghalani ikiwa na unyevu. Ulezi uliokaushwa vizuri huhifadhika kwa miaka, ila ukipurwa kwenye udongo mtupu huokota mchanga na unyevu. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kupuria juu ya turubai.

Tujibu pamoja

*Eleza maana ya "bambo" na "shehena" kama yalivyotumika.* Bambo ni chuma chenye ncha na mfereji, kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje kidogo za kuangalia. Mwenye duka la nafaka pale kwenu analo, kamwombe akuonyeshe. Shehena ni mzigo unaosafirishwa. Ukiandika "meli" umekosa, kwa sababu hapa hakuna meli.

*Mfanyabiashara mwenye magunia matatu na cheti cha uasili kilichorahisishwa amesamehewa ukaguzi wa usalama wa chakula. Je, ni kweli? Toa sababu.* Darasani kwangu zaidi ya nusu waliandika "Kweli, kwa sababu mzigo wake ni mdogo." Jibu linasikika la busara, lakini kifungu hakisemi hivyo. Rudi kwenye sentensi ya mwisho ya aya ya pili. Neno "tu" limefunga mlango: kilichoondolewa ni ushuru peke yake. Kwa hiyo si kweli. Cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika, na nafaka bado itapimwa. Fikiria mtu aliyeuza mbuzi akanunua magunia hayo matatu, akafika mpakani na karatasi moja mkononi. Kosa lako la alama mbili ni hasara yake ya msimu mzima.

*Mwaka 2021 Kenya ilizuia ulezi wa Tanzania. Kweli au si kweli?* Si kweli. Yaliyozuiwa ni mahindi. Wanaokosa hapa husoma kichwa cha habari, kisha hubuni yaliyobaki.

*Fupisha aya ya tatu na ya nne kwa maneno yasiyozidi 45.* Usinakili sentensi nzima, na usiongeze unayoyajua wewe, hata yakiwa ya kweli. Orodha ya masharti ibebwe na neno moja, "masharti". Mfano:

Sumukuvu iliua watu Kenya mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2016. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi ya majirani, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Wakaguzi hupima magunia mengi kwa kuwa sumu haisambai sawasawa. Haionekani wala haiondoki kwa kupikwa. Ulezi hupurwa juu ya turubai kuepuka mchanga na unyevu.

Hesabu mwenyewe: ni maneno 44. Ukizidisha, anza kufuta vivumishi.

Zoezi

Mjomba wako wa Gwarama amepata mnunuzi wa ulezi Nairobi, naye hajawahi kuuza nje ya nchi. Mwandikie barua ya kirafiki, kwa maneno yasiyozidi 200, ukimweleza hatua za kuchukua tangu kupura hadi mpakani. Barua ya kirafiki ina anwani moja, na mjomba haanziwi kwa "Ndugu".