Mhudumu wa Ambulensi Asiyesikia Vizuri

Je, kijana mwenye usikivu hafifu aweza kuhudumu katika ambulensi? Ndiyo, akijiandaa.

Kwanza amwone daktari wa masikio. Huenda ni nta tu iliyoziba.

Pili, ajifunze kupima presha kwa vidole. Kando ya foleni ya malori pale Malaba, hata mwenye masikio mazima hushindwa kusikia mapigo. Shika mshipa kwenye kifundo cha mkono, jaza upepo hadi mapigo yapotee, ongeza kidogo, kisha punguza polepole. Yanaporudi, hiyo ndiyo presha ya juu. Ya chini haipatikani hivyo.

Tatu, amweleze mwenzake mapema, na kurudia kwa sauti kila agizo. Kuuliza mara mbili si aibu. Kuficha ndiko kunakomhatarisha mgonjwa.