Vim: Kuhariri Bila Kipanya

Katika maabara yetu ya kompyuta vipanya havitoshi, na makala ya chama lazima yachapwe. Ndiyo sababu nimeipenda Vim, programu ya kuhariri maandishi aliyoitoa Bram Moolenaar wa Uholanzi mwaka wa 1991.

Vim huendeshwa kwa kibodi. Katika hali ya amri, h hukupeleka kushoto, j chini, k juu na l kulia. Ukibonyeza i unaanza kuandika; Esc inakurudisha kwenye amri. Mbona herufi hizo? Bill Joy alipoitunga vi, iliyoitangulia Vim, mwaka wa 1976, alitumia mashine ya ADM-3A, na mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo hizo!

Lakini utamu wenyewe umo katika faili iitwayo .vimrc. Mimi nimeandika humo:

iab ksw Kiswahili
inoremap jj <Esc>

Nikichapa ksw kisha nafasi, neno zima linajitokeza. Nayo jj inafanya kazi ya Esc, manake Esc iko mbali, huko pembeni. Hebu niambie, ni neno gani la Kiswahili sanifu lenye jj?

Kuna pia plagini, yaani vijiprogramu vya kuiongezea Vim uwezo. Mimi sina haraka navyo.

Kompyuta za maabara si zangu, basi faili yangu naibeba kwenye flashi. Nikifika naandika vim -Nu na jina la faili hiyo, kazi inaanza.

Vim ni ya bure. Moolenaar, aliyefariki mwaka wa 2023, aliomba tu watumiaji wawasaidie watoto wa Kibaale, Uganda. Chapa :help uganda ujisomee.