Kadiria Faida kwa Kumtaja Mteja

Mwenye ghala la dagaa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika, akiulizwa na benki atapata kiasi gani mwaka ujao, mara nyingi huchukua mauzo ya mwaka jana akayaongezea kidogo. Lakini ikiwa zaidi ya nusu ya magunia yake hununuliwa na mtu mmoja anayevusha mzigo kwenda Moba au Kalemie, upande wa Kongo, anakadiria mfuko wa mtu huyo, atake asitake.

Anza na daftari. Jumlisha mauzo ya mwaka mzima kwa kila mteja, na yeyote anayefikisha asilimia 10 mpe ukurasa wake. Kiwango hicho kinatoka kwenye kanuni ya kimataifa ya hesabu, IFRS 8, inayozitaka kampuni za soko la hisa kueleza pale mteja mmoja anapoleta asilimia 10 au zaidi ya mapato. Kampuni hazilazimiki kumtaja jina. Wewe mtaje, kisha andika anamuuzia nani, kwa fedha gani, na hulipa lini. Faranga ya Kongo ikishuka, wateja wake watapunguza kununua, naye atapunguza kwako.

Halafu pima kauli zake. Mnunuzi mkubwa hupenda kutaja oda nono ili umwekee mzigo na umpunguzie bei. Akisema magunia 100 na kila mara akachukua 70, andika 70, hata akiapa. Kwa mali kauli tumia safu mbili: gunia lilipotoka na fedha zilipoingia. Wengi huhesabu faida kwenye safu ya kwanza, kisha wanakopa ili kumlipa mvuvi.

Sasa hesabu. Tuseme unauza magunia 200 kwa mwezi, kila moja linakuachia shilingi 15,000, na pango la ghala, vibarua na mlinzi ni shilingi 1,200,000. Faida ni 1,800,000. Mteja mkubwa huchukua magunia 120. Akipunguza nusu, unabaki na magunia 140, na faida inakuwa 900,000. Mauzo yameshuka asilimia 30, faida imekatika nusu, maana pango na mlinzi hawajui kwamba mteja hakuja. Kwa hiyo peleka benki makadirio matatu: akinunua kama kawaida, akipunguza nusu, asipokuja kabisa.

Hilo la tatu lisionekane kama uchuro. Aprili 2017 kampuni ya Uingereza, Imagination Technologies, ilitangaza kwamba Apple, iliyokuwa ikiiletea karibu nusu ya mapato, ingeacha kutumia teknolojia yake. Hisa zake zilianguka kwa zaidi ya asilimia 60 siku hiyohiyo. Mwaka huohuo, huku kwetu, serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na wakulima wa Ufipa waliozoea wanunuzi wa nje wakabaki wakimtazama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambaye naye hununua kadiri ya bajeti yake.

Ziwa nalo lina mambo yake. Tanzania ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ilikuwa rahisi kuandika sifuri kwa miezi hiyo mitatu. Kazi ngumu ni mwezi unaofuata baada ya kufunguliwa. Mteja mkubwa hawezi kukaa bila mzigo miezi yote hiyo. Atatafuta dagaa kwingine, na huenda akapata bei anayoipenda. Mimi nisingemrejesha kwenye makadirio kwa kiwango chake cha zamani mpaka fedha yake ya kwanza iingie.

Pitia kurasa za wateja wako kila mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Mpigie kila mteja mkubwa, na usimuulize atanunua kiasi gani. Muulize mzigo uliopita umebaki magunia mangapi ghalani kwake.