Somo la Lebo: Kutoka Daftari la Kompyuta hadi Mali ya Mwananchi

Katika somo hili tunaeleza namna ya kuchapa karatasi nzima ya lebo kwa mara moja, kila lebo ikiwa na maelezo yake, kutoka katika orodha iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Huenda msomaji akajiuliza kazi hii ya makarani inahusiana vipi na usalama wa kijiji. Na aende Lumino siku ya soko, asimame mbele ya duka la kuchaji simu. Ataona simu makumi zimelazwa rafuni, nyingi za aina moja na rangi moja, kila moja imefungwa kwa mpira kipande cha karatasi chenye namba iliyoandikwa kwa kalamu. Jasho la mkono au tone la mvua likifika pale, namba inafutika, na jioni watu wawili wanaidai simu moja. Ugomvi wa namna hiyo huanzia kwenye kipande cha karatasi na kuishia kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Kwetu sisi tuishio mpakani jambo hili lina uzito zaidi. Lumino iko njia panda: barabara ya lami itokayo Musita kupitia Mayuge hufika hapa, kisha watu na mizigo huelekea Majanji ufukweni mwa Ziwa Victoria au Busia mpakani. Kitu kilichoibwa asubuhi chaweza kuwa ng'ambo kabla ya jua kutua, kikiwa mikononi mwa mnunuzi asiyejua lolote, chini ya polisi wa nchi nyingine. Wasamia wana ndugu pande zote mbili, nao Iteso vilevile. Mpaka haukuzuia mapenzi wala biashara, na mwizi naye anajua hivyo. Kinachomrudishia mwenye mali haki yake si kumbukumbu ya kwamba simu ilikuwa nyeusi yenye ufa pembeni. Ni namba iliyoandikwa mahali fulani kabla kitu hakijapotea.

Tuanze na daftari lenyewe. Programu ya lahajedwali, iwe Excel au LibreOffice Calc ambayo hupatikana bila malipo, ni karatasi yenye mistari na safu. Kanuni ni moja: kitu kimoja, mstari mmoja. Mtu mwenye simu mbili na baiskeli moja apate mistari mitatu. Mstari wa kwanza kabisa uwe wa vichwa vya safu: namba ya daftari, aina ya kitu, namba ya kiwandani, jina la mwenyewe, kijiji, simu ya mawasiliano, tarehe ya kuandikishwa. Usiunganishe visanduku kwa ajili ya mapambo, wala usiache safu tupu katikati. Sababu yake tutaieleza hapo chini.

Namba ya kiwandani ya simu, yaani IMEI, ina tarakimu 15. Mwenye simu abonyeze *#06# nayo itajitokeza kwenye kioo. Simu yenye nafasi ya laini mbili huonyesha namba mbili, na zote ziandikwe. Hapa ndipo kompyuta inapoanza kuwa mjanja kupita kiasi. Lahajedwali hudhani kila tarakimu ni hesabu. Ukiandika namba ndefu ya IMEI, itakuonyesha kitu kama 3.54E+14, na karani asiyejua huichapa hivyohivyo kwenye lebo. Ukiandika namba iliyo kwenye kadi ya laini, yenye tarakimu 19 au 20, mambo huwa mabaya zaidi: Excel hutunza tarakimu 15 tu na zilizobaki huzigeuza sifuri, na kilichopotea hakirudi hata ukibadilisha mpangilio baadaye. Dawa ni kuziteua safu za namba kabla ya kuandika chochote na kuziamuru ziwe maandishi, si hesabu. Ukimaliza, andika katika safu ya pembeni =LEN(C2), ikiwa IMEI iko safu ya C, kisha ivute fomula hiyo hadi chini. Popote isipotokea 15, rudi kwa mwenye simu.

Namba za mawasiliano nazo zina mtego wao, na mtego huu ni wa mpakani hasa. Uganda na Kenya zote mbili hutumia namba zinazoanza na 07 na kufuatiwa na tarakimu nyingine nane. Namba iliyoandikwa bila alama ya nchi yaweza kuwa ya mtu wa Lumino au ya mtu wa Sio Port, na ofisa anayepiga simu usiku hana njia ya kujua. Kwa hiyo andika +256 au +254 kila mara. Lakini ukiandika alama ya kujumlisha katika kisanduku ambacho hakijafanywa kuwa cha maandishi, lahajedwali huidondosha, kama inavyodondosha sifuri ya mwanzo ya 07. Vivyo hivyo usitumie namba za daftari kama 3/4 kwa maana ya kijiji cha tatu, kitu cha nne, kwa kuwa kompyuta itaifanya tarehe. Tumia herufi mbele: LUM-0001, LUM-0002. Herufi humnyamazisha mjanja huyo.

Sasa tufike kwenye hatari ambayo tungependa kila katibu wa kamati ya usalama aifahamu vizuri. Tuseme orodha ina vitu mia mbili, na katibu anataka majina yafuate alfabeti. Anateua safu ya majina peke yake na kuipanga. Programu humuuliza kama anataka kupanga na safu za jirani. Akijibu haraka kwamba aendelee na safu ile moja, majina husogea na namba hubaki palepale. Kwa macho orodha inapendeza. Hakuna kilichofutika. Lakini kila mtu sasa ameandikiwa simu ya mwenzake. Safu tupu katikati ya orodha huleta balaa lilelile bila hata swali kuulizwa, maana programu hudhani orodha imeishia hapo, na kilicho upande wa pili hakisogei.

Mtafakari, wasomaji, maana yake. Kijana mwendesha bodaboda anasimamishwa akiwa na simu yake mwenyewe. Ofisa anasoma IMEI, anaitafuta katika orodha na kukuta jina la mtu mwingine. Anayesema kweli anageuka mtuhumiwa kwa sababu ya kitufe kimoja. Hata kama ukweli utadhihirika siku ya pili, usiku wa kwanza haurudi. Kwa hiyo tunasisitiza: weka nakala ya faili kabla ya kupanga chochote, bofya kisanduku kimoja tu ndani ya orodha, usiteue safu, ndipo uamuru ipangwe, kisha chagua mistari mitano popote na uilinganishe na daftari la mkono. Daftari la mkono lisitupwe. Sisi kwa maoni yetu tungeacha orodha katika mpangilio wa namba za kuandikishwa na kuyatafuta majina kwa kitufe cha kutafutia, bila kupanga kabisa.

Lebo yenyewe iandikwe nini? Kidogo iwezekanavyo. Namba ya daftari, aina ya kitu, na tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani vinatosha. Jina kamili, kijiji na namba ya simu vibaki ndani ya daftari. Lebo yenye jina na namba ya simu humpa aliyeiokota, au aliyeiiba, njia ya kumpigia mwenyewe na kumdai fedha. Tena sheria imo: Uganda ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha mwaka 2019, na Kenya ikapitisha yake mwaka huohuo. Anayekusanya taarifa za watu awaeleze anazikusanyia nini, azikusanye za kutosha tu, na azilinde. Kubandika orodha nzima ukutani mwa ofisi ya mwenyekiti wa LC1, au kuirusha katika kundi la WhatsApp la Nyumba Kumi, ni kinyume cha hayo.

Karatasi za lebo huuzwa zikiwa na gundi na zimekwisha kukatwa. Huku kwetu karatasi ni A4, milimita 210 kwa 297. Aina mbili ni rahisi kutumia: ile ya lebo 21, safu tatu kwa mistari saba, kila lebo milimita 63.5 kwa 38.1, na ile ya lebo 24, safu tatu kwa mistari minane, kila lebo milimita 70 kwa 37. Hii ya pili hujaza karatasi hadi ukingoni, na printa nyingi haziwezi kuchapa ukingoni, hivyo maandishi yasukumwe ndani kidogo. Jihadhari na vielelezo vya Marekani vilivyomo katika programu nyingi, kwa mfano cha lebo 30. Hivyo ni vya karatasi fupi na pana kuliko A4, na ukivitumia maandishi yatapanda juu ya mistari ya kukatia.

Katika Word, fungua hati mpya, nenda kwenye “Mailings”, bonyeza “Start Mail Merge”, chagua “Labels”, na utaje aina ya karatasi uliyonunua. Ikiwa haimo, ingiza vipimo vyake mwenyewe. Kisha ionyeshe programu faili lako la lahajedwali, na ukubali kwamba mstari wa kwanza ni vichwa. Weka katika lebo ya kwanza majina ya safu unazotaka. Bonyeza “Update Labels” ili mpangilio huo unakiliwe katika lebo zote. Anayesahau kitufe hiki hupata karatasi yenye lebo moja iliyojaa na nyingine zote tupu. Na anayenakili kwa mkono bila alama ya “Next Record”, ile inayoiambia kompyuta isonge kwenye mstari unaofuata, hupata mtu mmoja mara ishirini na moja. Tazama matokeo kwenye kioo kabla ya kuchapa, na hasa karatasi ya mwisho, uone kama namba ya mwisho ya daftari imo.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida. Iweke juu ya karatasi ya lebo, uzielekeze zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, uone kama maandishi yameangukia ndani ya vipande. Yakiwa yanapotea kidogokidogo kadiri unavyoshuka, kosa si la vipimo: printa imeambiwa ipunguze ukubwa ili hati ienee. Chagua “Actual size”, yaani asilimia 100.

Karatasi ya lebo iliyokwisha kubanduliwa sehemu isirudishwe katika printa ya leza. Ndani yake mna joto kali, na lebo iliyolegea hung'oka na kunata kwenye mashine. Mwenye duka la uchapaji atakayekataa karatasi yako ya nusu ana haki. Printa ya wino haina joto hilo, lakini wino wake mwingi huyeyuka kwa maji, na lebo iendayo Majanji kubandikwa kwenye injini ya mtumbwi haitamaliza juma. Ifunike kwa solotepu angavu. Kwa injini na baiskeli, kwa kweli, lebo ya karatasi haitoshi kabisa: namba ya daftari igongwe kwa chuma kwenye fremu, lebo ibaki kwenye kadi ya mwenyewe nyumbani.

Kikundi kisichoweza kununua karatasi za gundi kisikate tamaa. Chapa mpangilio uleule kwenye A4 ya kawaida, weka mistari ya kukatia, tumia mkasi na solotepu. Kinachohitajika ni namba zisomeke na zilingane na daftari.

Faili lifungwe kwa nywila na libaki na watu wawili tu, mmoja akiwa katibu. Nakala moja ihifadhiwe nje ya kompyuta hiyo, maana nayo huibwa. Kitu kikiuzwa, mnunuzi na muuzaji wafike pamoja kwa katibu: mstari wa zamani usifutwe, uandikwe “kimeuzwa” na tarehe, kisha mnunuzi apewe mstari mpya na lebo mpya. Akiwa anatoka ng'ambo, aandikiwe karatasi ya mauzo yenye namba ile ya kiwandani, aibebe anaporudi kupitia kituo cha pamoja cha mpakani Busia, asije akaulizwa njiani swali ambalo hana jibu lake.