SOMO LA MWEZI: BWANA SAKARANI NA URITHI WA BABA ZETU

Masomo ya Biblia: 1 Samweli 31, 2 Samweli 21:12-14, 1 Wafalme 21:1-19, Ezekieli 18:1-20, Luka 19:1-10.



Wengi wetu tukifika kwenye orodha za majina katika Biblia, huyu akamzaa yule, hufungua ukurasa unaofuata. Lakini orodha hizo hazikuandikwa bure. Katika Mathayo sura ya 1 ukoo wa Bwana wetu unatajwa bila kufichwa aibu zake. Tamari yumo, Rahabu yumo, na mke wa Uria anakumbushwa ili dhambi ya Daudi isisahauliwe. Biblia haipambi habari za ukoo. Inazisema zilivyo, kisha inaonyesha rehema ya Mungu.

Mwezi huu tujifunze kwa njia ya habari za nyumba mbili za nchi yetu: nyumba ya ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa pia mwenye shamba, na nyumba ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe.

1. Mtu mwenyewe

Tom von Prince alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius. Baba yake alikuwa Mwingereza kwa uraia, mama yake Mjerumani. Alilelewa Ujerumani, akawa ofisa wa jeshi, akaja Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1893 aliongoza mashambulizi juu ya ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, Tabora. Isike alipoona ameshindwa aliilipua baruti yake mwenyewe kuliko kujisalimisha.

Askari walimpa jina la Bwana Sakarani. Sakarani ni mtu aliyelewa. Hawakumaanisha pombe, walimaanisha ukali wake vitani, kama mtu asiyejitawala. Naye akalipenda jina hilo.

2. Nyumba ya Mkwawa

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Zelewski huko Lugalo. Wajerumani walirudi na nguvu zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana msituni. Mwaka 1896 Prince alijenga boma jipya, ndilo chanzo cha mji wa Iringa, akaishi hapo na mkewe Magdalene. Kichwa cha Mkwawa kikawekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, akiwa amezungukwa, alijiua kwa bunduki. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa bomani, na baadaye Ujerumani.

Sasa tusome 1 Samweli 31. Mfalme Sauli aliuangukia upanga wake asije akakamatwa na Wafilisti. Nao wakamkata kichwa. Lakini watu wa Yabeshi-Gileadi walikwenda usiku kucha kuuchukua mwili wake, na miaka mingi baadaye Daudi aliikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani na kuizika katika kaburi la baba yake. Tena 2 Samweli 21 inasema kwamba baada ya hayo Mungu aliombwa kwa ajili ya nchi, naye akasikia. Mambo ya kaburi si madogo mbele za Mungu.

Vivyo hivyo kwa Wahehe. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza vita kuu ya kwanza, ulitaja fuvu la Mkwawa kwa jina lake kuwa lirudishwe. Lilikawia. Mwezi Juni 1954 Gavana Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Miaka 56 ilikuwa imepita. Mjukuu huyo hakutumia maisha yake kulipiza kisasi. Alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge letu, akaitumikia nchi nzima miaka mingi.

3. Shamba

Mwaka 1900 Prince aliacha jeshi, akaenda Usambara kuwa mwenye shamba. Shamba lake akaliita Sakarani. Mwaka 1907 alipewa cheo cha ukabaila, ndipo jina lake likaongezwa "von".

Je, mashamba ya walowezi yalipatikanaje? Mwaka 1895 serikali ya Wajerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Lakini ardhi ambayo mgeni anaiona haina mwenyewe huenda ni malisho ya mtu, au konde lililopumzishwa, au mahali pa makaburi. Na shamba bila mikono halizai. Kwa hiyo, tangu 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, wanaume walipewa kadi za kazi. Kila mmoja alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne.

Tulinganishe na shamba la mizabibu la Nabothi. Ahabu hakulichukua kwa upanga. Yezebeli aliandika barua, akaitia muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi, na mambo yakafanyika kwa utaratibu. Kwa watu lilikuwa jambo halali. Lakini Mungu alimtuma Eliya. Muhuri wa serikali haufuti kilio cha mwenye shamba.

4. Mwisho wake

Vita vilipoanza mwaka 1914 Prince alirudi jeshini. Mwezi Agosti aliongoza kikosi kilichoiteka Taveta. Tarehe 4 Novemba 1914 aliuawa katika mapigano ya Tanga akipigana na jeshi la Waingereza, yaani dola ya baba yake. Baada ya vita Waingereza walizitwaa mali za Wajerumani na mashamba yao yakauzwa. Leo Sakarani, karibu na Soni, ni misheni ya watawa Wabenediktini. Jina la ulevi wa vita limebaki mahali ambapo watu huomba. Tunaweza kufurahia neema hiyo, huku tukikumbuka kwamba Kanisa nalo hurithi ardhi yenye habari zake.

5. Na sisi watu wa Mara?

Mtu wa Musoma au Bunda aweza kusema, "Hayo ni ya Usambara na Uhehe." Lakini boma la Wajerumani lilijengwa hata Ikoma. Wazee wetu nao walitozwa kodi na kubebeshwa mizigo ya vita. Katika koo zetu wamo waliokuwa askari, wamo waliokuwa machifu chini ya wakoloni, na wamo walionyang'anywa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliyetawala chini ya serikali ya kikoloni. Mwana hakuona haya juu ya baba yake, wala hakufuata kiti chake. Mwaka 1963 serikali aliyoiongoza iliondoa mamlaka ya machifu.

Ezekieli 18 yafundisha kwamba mwana hatachukua uovu wa baba yake. Basi tusimhukumu mjukuu kwa ajili ya babu. Lakini tusitumie sura hiyo kama kichaka cha kujificha. Sura hiyo inamsifu mwana aliyeona dhambi za baba yake asizifanye. Lazima kwanza azione! Na mtu anayeendelea kula matunda ya shamba la Nabothi hawezi kusema kwamba kosa lilikuwa la Ahabu peke yake.

Tuseme wazi. Marehemu anapozikwa, mara nyingi shauri la shamba huanza kabla matanga hayajaisha. Mjane huambiwa arudi kwao. Mabinti huambiwa hawana sehemu. Mpaka wa jirani husogezwa usiku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekataa mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mkristo asingoje baraza la ardhi limfundishe jambo ambalo Eliya alikwisha kulisema. Zakayo hakungoja kushtakiwa. Bwana alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alisimama na kuahidi kurudisha mara nne.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, watoto wetu wanajua shamba tunalolilima lilipatikanaje?
2. Ni habari gani ya ukoo tunayoificha, na ukweli wake ungemponya nani?
3. Katika mtaa wetu, ni mjane au yatima gani aliyeondolewa katika urithi wake? Kanisa lifanye nini mwezi huu?

Tuombe: Ee Bwana, nchi yote ni mali yako, nasi ni wapangaji wako. Utupe ujasiri wa kusema kweli juu ya baba zetu, moyo wa kurudisha kisicho chetu, na neema ya kuwaachia watoto wetu urithi usio na machozi ya mtu mwingine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.